Mlango wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Karani wa mafunzo katika Idara ya Usalama wa Umma alikuwa na sifa moja iliyojulikana jengo zima: hakosei herufi. Barua ikitoka mikononi mwake, huna haja ya kuisoma mara ya pili. Sifa hiyo aliijenga kwa miaka kumi na tisa, na ilikuwa ya uongo tangu mwaka wa kwanza. Wengine hawakujua. Yeye alijua, ila alikuwa amejizoeza kutojua, kama mtu anavyoizoea harufu ya nyumba yake mwenyewe.

Idara yenyewe usiiogope jina. Mji mdogo, idara ndogo. Magari mawili ya zimamoto, moja linawaka kwa ufunguo, jingine kwa kusukumwa. Gari moja la wagonjwa. Askari wa mji, kazi yao kugombana na wanaoegesha vibaya. Na watu wa ofisini, ambao kila mwaka huongezeka bila mtu kukumbuka nani aliwaajiri. Wote wamo katika jengo moja la ghorofa mbili lenye uwanja wa saruji nyuma, na mwisho wa uwanja kuna kibanda cha matofali kisicho na dirisha, kuta zake zimekuwa nyeusi kwa masizi. Hicho ndicho darasa la moto. Ofisi ya karani iko juu, dirisha lake linatazama kibanda, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa aligonga muhuri na kupanga mafaili huku sauti ile ile ikimfikia kutoka chini:

"Funga mlango! Nani kakwambia ufungue? Moto unakula hewa, na wewe unaupelekea chakula! Funga!"

Mwenye sauti alikuwa mwalimu wa zimamoto. Watu walimwita Mzee Mlango, na jina lilimkaa vizuri, maana hata kantini ukiingia bila kufunga mlango alikurudisha ukaufunge ndipo ule. Mtu mfupi, masikio yamejikunja kwa moto wa zamani, shule aliiacha darasa la tatu. Cheti hakuwa nacho hata cha kuzaliwa. Lakini hakuna mzimamoto hata mmoja pale idarani ambaye hakupita mikononi mwake, na wale waliokuwa wameshakufa hawakufia motoni. Walikufa kwa sukari, kwa pikipiki na kwa uzee.

Sasa nikwambie kitabu kilivyozaliwa, maana bila kitabu hakuna kisa.

Karani alipoingia kazini alikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kupiga chapa na mimba ya miezi mitatu aliyoificha ndani ya gauni pana, kwa sababu alikuwa kwenye majaribio na wa majaribio hafukuzwi, huambiwa tu kwamba nafasi imejaa. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwita akamwambia, "Yule mzee akipata mafua tu, mafunzo yanasimama. Kila kitu kiko kichwani mwake. Mkalishe, umtoe hayo maneno uyaweke kwenye karatasi."

Basi wiki sita, kila siku baada ya mazoezi ya asubuhi, mzee alipanda ngazi akiwa amenawa mikono hadi viwikoni asije akachafua karatasi za watu. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema, na karani akapiga chapa. Alisema kama anavyopiga kelele uwanjani, karani akayavisha maneno nguo. Mzee akisema, "Usiwe mjinga ukaingia umesimama kama mlingoti," karani aliandika, "Mzimamoto ashauriwe kuingia akiwa ameinama." Kisha saa sita mchana alimsomea yote aliyoandika, kwa kuwa mzee kusoma kulimshinda. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe mimi nina adabu hivyo? Ningejua, ningeoa mapema!"

Siku ya ukurasa wa thelathini na moja mzee alisema hivi: "Chumba kinaungua, maji hayajafika. Funga mlango. Hata ukisikia moto unanguruma ndani, funga, ungoje maji."

Karani akasimamisha vidole. Nyumbani kwao mama yake akiunguza maharage, watu hufanya nini? Hufungua milango na madirisha yote moshi utoke. Hata mtoto anajua. Akamtazama mzee na darasa lake la tatu, akamwonea huruma. Mzee kateleza, alijisemea. Wakubwa wa baraza la mji watasoma hapa watamcheka, kisha watauliza nani alipiga chapa upuuzi huu. Na kubishana na mtu mzima si adabu. Kwa hiyo alimsaidia. Alimwongezea herufi moja tu. Mzee alisema "funga", karatasi ikaandikwa "fungua".

Hilo peke yake lingesameheka. Ujinga si dhambi. Lakini saa sita ilipofika na zamu ya kusoma ikaja, macho ya karani yaliona "fungua", na mdomo wake ukasoma "funga". Hakutaka kubishana, basi. Mzee akaitikia kwa kichwa, safari hii bila kucheka.

"Hapo hapo, mwanangu. Hapo ndipo wengi wanapofia."

Karani aliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Lakini stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia nakala, ilikuwa imeshakatwa, kesho yake ilikuwa siku ya kuchapa nakala, na wa majaribio hapotezi stensili ya ofisi. Kitabu kikatoka, nakala ishirini, jina la mzee ukurasa wa pili. Moja akapewa mzee, nyingine zikafungiwa kabatini. Huko zilisomwa na mchwa tu.

Miezi minne baada ya kitabu kutoka uchungu ulimshika karani pale pale ofisini, kabla ya siku zake, na gari la wagonjwa lilikuwa limeharibika. Mzee Mlango alimpakia kwenye gari la zimamoto, lile la kusukumwa, akampeleka hospitali king'ora kikilia njia nzima. Mtoto wa kike alizaliwa salama. Mpaka leo akiwa mkaidi nyumbani wanamwambia, "Si ajabu, ulikuja na zimamoto."

Ukweli wa mlango karani aliujua baada ya miaka miwili, akiwa dirishani na kikombe cha chai. Mwanafunzi mmoja alikaidi akavuta mlango wa kibanda kabla mpira wa maji haujajaa. Kibanda kilinyamaza kidogo, kisha moto ukaruka nje mzima mzima ukamlamba nyusi zote mbili. Mzee alimvuta kwa mkanda, akaubamiza mlango kwa mguu. Karani aliweka kikombe chini, akafungua kabati, akatoa kitabu, akatazama ukurasa wa thelathini na moja. Kisha akakirudisha. Alijiambia kidole kiliteleza. Kuteleza si kuanguka, alijiambia, na methali haikumbishia, kwa sababu methali haziwezi kubisha. Hakuna aliyesoma kitabu. Mzee alikuwa uwanjani na sauti yake ilikuwa nzima. Kulikuwa na haraka gani?

Haraka ilikuja na mkurugenzi mpya, miaka kumi na saba baadaye.

Huyu alitoka upande wa leseni, moto aliufahamu kwa kibiriti, na wafanyakazi walimbatiza Bwana Utaratibu kabla hajamaliza wiki. Mwezi wa kwanza alifungua kabati akakuta kitabu. Alikiinua kwenye mkutano kama mtu aliyeokota dhahabu. "Hazina! Tumekalia hazina!" Akakichapisha upya kwa jalada la kung'aa, picha yake mbele, na dibaji ya kurasa nne. Jina la mzee liliondolewa ukurasa wa pili kwa sababu nafasi haikutosha. Kwa mkono wake karani ndiye aliyekinakili kwenye kompyuta, na alipofika ukurasa wa thelathini na moja alisita, akainua kidole, akakumbuka kwamba mkurugenzi alimwagiza asibadilishe hata nukta. Akashukuru kuagizwa hivyo. Baraza la mji likakipitisha kitabu kuwa mwongozo rasmi.

Kisha tangazo likabandikwa. Kila mfanyakazi, kuanzia mzimamoto hadi wa mapokezi, atafanya mtihani. Maswali hamsini, nusu ya mwongozo, nusu ya utawala. Kufaulu ni asilimia sabini. Mwalimu atakayefeli hatafundisha tena.

Mzee Mlango alipanda ngazi siku hiyo hiyo, taratibu, mkono kwenye ukuta. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Mwanangu, nasikia nitafanya mtihani wa maneno yangu mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Anayesahihisha nani?"

"Mimi."

"Ah!" mzee akasema, uso ukamng'aa. "Basi niko pazuri." Akashuka, na chini karani akamsikia akimfokea mtu aliyeacha mlango wa stoo wazi.

Mtihani ulifanyika kantini, meza zimetenganishwa, watu wazima wameshika penseli kama watoto wa shule. Maswali aliyatunga mkurugenzi na majibu aliyaandika mwenyewe kutoka kitabuni. Karani aliomba Mungu mlango usiulizwe. Alipofungua karatasi ya majibu, mlango ulikuwa swali la kumi na nne: chumba kinaungua na maji hayajafika, utaufanya nini mlango wa chumba hicho? A, nitaufungua moshi utoke. B, nitaufunga ningoje maji. Jibu sahihi, kwa mujibu wa mwongozo, A.

Karatasi zilikuwa sitini na moja. Alizisahihisha siku mbili, na kufikia karatasi ya ishirini aliona jambo ambalo hata kipofu angeliona. Waliowahi kuingia motoni walijibu B. Waliowahi kuingia ofisini walijibu A. Na yeye, kwa kalamu nyekundu, aliwakata wa motoni mmoja mmoja akawapa vema wa ofisini. Wazimamoto vijana hawakuumia sana, wana shule, walifidia kwingine.

Karatasi ya mzee aliiweka ya mwisho. Upande wa moto hakukosa hata swali moja, ukiondoa lile. Upande wa utawala ulikuwa msiba. Fomu ya tukio hujazwa nakala ngapi? Hakuchagua herufi, aliandika pembeni kwa maandishi makubwa ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: "Zinazotosha." Fomu ya upotevu wa vifaa ni ya rangi gani? "Sijui. Mimi nazima." Na kwenye swali la kumi na nne alikuwa ameizungushia B duara kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa karatasi. Karani alijumlisha. Thelathini na nne. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Thelathini na nne. Sabini kwa mia ilitaka thelathini na tano.

Jioni ile alikata kitunguu akavikata tena vipande vile vile vilivyokwisha kukatwa. Mama yake, ambaye mguu ulikuwa umemlaza kitandani mwaka mzima lakini ulimi haukulala hata siku moja, alimwangalia kupitia mlango wa jikoni.

"Kitunguu kimekukosea nini?"

Mume wa karani alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mambo mazito ya nyumba ile yaliishia kwenye kitanda cha mama. Karani akakaa ukingoni akamweleza. Hakueleza yote. Alisema kidole kiliteleza.

"Huyo mzee si ndiye aliyekupeleka hospitali na king'ora?"

"Ndiye."

"Basi nenda kaseme. Unangoja nini?"

"Mama, wananipendekeza kuwa Ofisa Mafunzo. Barua iko mezani kwa mkurugenzi. Nikisema leo, barua itakwenda wapi?"

Mama yake akausogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Cheo ni kizuri," akasema mwishowe. "Mguu wangu unakitaka hicho cheo kuliko wewe. Lakini asante ya punda ni mateke, na mimi sikuzaa punda. Kaseme."

Alhamisi asubuhi karani alibisha mlango wa mkurugenzi. Matokeo yalikuwa yatoke siku hiyo saa nane mchana. Mkurugenzi alimsikiliza vizuri, hilo tusimnyime. Alifungua kitabu chake, akasoma mstari, akakuna kidevu.

"Unasema kidole kiliteleza."

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Bi Karani, kidole kikiteleza herufi hupotea. Hii imeongezeka. Na imeongezeka mara mbili kwenye ukurasa mmoja, hapa na hapa." Alionyesha. "Kidole hakitelezi mara mbili mahali pamoja kikaleta maana."

Karani akatazama zulia.

"Sikulaumu," mkurugenzi akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. "Lakini fikiria. Kitabu kimepitishwa na baraza. Kikishapitishwa na baraza, hata moto wenyewe inabidi ukisome. Nikisema jibu ni B, wa A wanaanguka, na naibu wangu yumo. Nikilifuta swali, mzee ana thelathini na nne kwa arobaini na tisa." Akabonyeza kikokotoo. "Sitini na tisa nukta tatu nane. Sabini ni sabini."

"Mpe kila mtu alama, mkurugenzi. Swali lina kosa, kila mtu apewe."

"Hilo linawezekana." Aliegemea kiti. "Lakini lazima niandike sababu, na sababu lazima iwe na saini. Siyo yangu. Niletee barua: mimi fulani, mwaka fulani, nilibadilisha maneno ya mwalimu kwa makusudi bila kumwambia. Ikiwa mezani hapa kabla ya saa nane, mzee atapata alama yake na atarudi uwanjani kwake. Isipokuwepo, yaliyomo ndiyo yaliyomo." Halafu, kama aliyekumbuka jambo dogo, akaisogeza mbele barua ya kumpendekeza Ofisa Mafunzo, iliyokuwa na kila kitu isipokuwa saini yake.

Karani alirudi ofisini akaandika. Lazima tumpe haki yake: aliandika. Mistari saba, haina kosa hata la nukta. "Kwa makusudi" aliifuta mara moja, akairudisha. Akaichapa, akaitia saini, akagonga muhuri wa tarehe. Ilikuwa saa sita na nusu.

Kisha akatafuta bahasha. Barua kama ile haipelekwi mkononi wazi wazi, kila mtu wa kwenye korido akaisoma. Droo ya juu hakuna. Droo ya pili bahasha ndogo, ingebidi barua ikunjwe mara tatu, si heshima. Akaenda stoo, mwenye stoo alikuwa ametoka. Akaenda mapokezi, wakampa bahasha ya kaki iliyotumika, yenye jina la mtu mwingine limekatwa. Hiyo nayo si heshima. Akapanda tena, akakaa, akakumbuka kwamba kwenye kabati la mafaili kuna pakiti nzima ya bahasha nyeupe, alikuwa ameinunua mwenyewe mwezi uliopita. Hakuinuka. Alikaa akiangalia kabati. Chini uwanjani mzee alikuwa anafoka kama kawaida yake. Saa nane ikapita na dakika zake. Ikapita na dakika kumi. Akasikia kwenye korido nyundo ndogo ikigongomelea karatasi ubaoni.

Barua aliikunja mara tatu. Ikaenea vizuri kabisa kwenye bahasha ndogo ya droo ya pili.

Jumatatu Mzee Mlango alikabidhi filimbi na kofia ya chuma, akapewa shati la mlinzi lililomzidi namba mbili. Getini kulikuwa na bomba refu lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, la kuinuliwa gari likiingia na kushushwa likishapita. Wenzake walicheka, maana watu hucheka wakikosa la kufanya. "Mzee Mlango kapanda cheo, sasa ni Mzee Geti." "Miaka thelathini anasema funga, sasa atafungua mpaka akome!" Karani alikuwepo kantini wakati wa kicheko hicho. Naye alicheka kidogo.

Cheo alikipata. Mwalimu mpya alikuwa kijana wa ofisi ya ugavi, tisini na mbili kwa mia, anasimama uwanjani na kitabu mkononi. Kazi ya kwanza ya karani, sasa Ofisa Mafunzo, ilikuwa kuandaa toleo la pili, na kazi ya kwanza ya toleo la pili ilikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Aliondoa herufi mahali pawili. Ilimchukua muda usiofika wa kumeza mate. Hakuna aliyeuliza. Mkurugenzi katika dibaji yake mpya alimshukuru kwa jina la cheo chake, "kwa umakini wake wa hali ya juu katika kila herufi". Kitabu kilisahihishwa. Mzee hakusahihishwa.

Vitabu vilipotoka kiwandani, alichukua kimoja bado kina harufu ya wino, akashuka nacho getini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya. Akainuka kumpisha akae, karani akakataa.

"Baba, nimekuletea. Ukurasa wa thelathini na moja."

Mzee akatoa miwani mfukoni, akafungua, akapeleka kidole chini ya mstari. "Funga... mlango... wa chumba." Akatabasamu. "Sasa kimekaa sawa."

"Lile la kwanza nililibadilisha mimi. Sikuteleza. Nilidhani umekosea. Na nilipokusomea, nilikusomea..."

"Najua."

Karani akadhani hakusikia vizuri. "Unajua nini, baba?"

"Kitabu kilipotoka niliona haya, mtu ana kitabu hawezi kukisoma. Nikakichukua nyumbani, binti yangu akanifundisha nacho. Miezi minane. Tulipofika pale nikadhani nimesoma vibaya. Nikamwita, nikamwambia, hebu soma wewe. Akasema, baba, ni fungua." Mzee akavua miwani, akaifuta kwenye ncha ya shati lake kubwa. "Nikajua, maana mdomo wako ulisema jingine."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hujathibitishwa kazini, na mtoto kifuani. Ningesema wangekutoa. Nikaona, kitabu kiko kabatini, mimi niko uwanjani. Wa kufa kwa kitabu lazima kwanza anipite mimi."

Karani akashika bomba la geti kwa mkono, maana alihitaji kushika kitu. Lilikuwa la moto kwa jua. "Kwa hiyo kwenye mtihani ulijua wanataka A."

"Nilijua."

"Ungeandika, baba! Alama moja! Ungeandika tu A yao!"

"Vijana watatu walikaa nyuma yangu," mzee akasema. "Walikuwa wananakili karatasi yangu. Niandike A, wakaingie nayo motoni?" Kisha akamalizia kwa sauti ile ile ya kawaida, bila kumtazama. "Halafu uliniambia unasahihisha wewe. Nikasema, huyu anaujua ukweli wake. Akifika hapo ataona."

Karani alitaka kusema habari ya barua, mistari saba, muhuri, saini. Alitaka kusema habari ya bahasha. Akafungua mdomo.

Honi ikalia. Gari la mkurugenzi lilikuwa limesimama nyuma yao, kioo kimeshushwa nusu. "Fungua, mzee! Tuna kikao!"

"Naam, mkurugenzi," mzee akaitikia. Akaweka kitabu juu ya kiti, akamwondoa karani taratibu kwa bega asije akagongwa, akaliinua bomba. Mkurugenzi alipopita alimpungia mkono Ofisa Mafunzo wake. Mzee akalishusha bomba, akalitikisa mara mbili kuhakikisha limefungika, ndipo akarudi kukaa.